Jumapili ya kwanza ya Majilio mtaani: panga saa kwanza, mbuzi baadaye

SWALI: "Shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Pasua, Moshi mjini. Kaya kumi na mbili za mtaa wetu tumekubaliana kuufungua msimu wa Krismasi pamoja: taa, nyimbo, mbuzi, watoto wacheze. Tutakuwa watu wazima hamsini na watoto thelathini hivi. Mwaka jana tulijaribu. Nyama iliiva saa nne usiku watoto wameshalala, mvua ikatumwagikia, na umeme ukakatika tukiwa katikati ya wimbo. Kati yetu wapo Wakatoliki, Walutheri, walokole na kaya tatu za Waislamu. Safari hii tufanyeje?"

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza, msiache kuifanya mapema, hata wakitokea wa kusema "tungoje wa Dar wafike". Wa Dar wakifika hawakai mjini, wanapitiliza. Tarehe 24 Desemba nusu ya Pasua itakuwa imeshapanda vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo mlimani, huyu Kibosho, yule Machame, mwingine Marangu au Rombo, na mtaani watabaki walinzi na mbwa. Krismasi ya mtaa wa Moshi mjini ni hii ya mwanzo wa Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, kabla watu hawajatawanyika.

Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba, mwaka 2027 ni tarehe 28 Novemba. Kwa kuwa kesho yake ni Jumatatu, andikeni kwenye kikundi chenu cha WhatsApp kwamba mwisho ni saa 2:30 usiku, na muda huo spika izimwe kweli. Barua ya kumjulisha mwenyekiti wa mtaa ipelekwe wiki mbili kabla, ikitaja saa ya kuanza na ya kumaliza. Mkitaka kuziba njia ya magari, muulizeni namna ya kuwahusisha polisi. Mkikaa ndani ya uwanja wa mtu, hilo halitawasumbua.

Sasa tuje kwenye kosa la mwaka jana. Mvua na umeme vilichangia, lakini kilichowaangusha ni kwamba shughuli haikuwa na saa hata moja ambayo kila mtu aliijua. Mbuzi alianza kuchomwa alipopatikana, na kwaya ikaimba ilipokamilika. Chagueni tukio moja liwe nguzo, halafu mhesabu kurudi nyuma. Kwenu nguzo hiyo ni kuwasha taa. Moshi, mwanzoni mwa Majilio, jua huzama karibu saa 12:30 jioni, na kufika saa 12:50 giza limeshaingia. Ukiwasha taa saa 11:30 hakuna atakayeziona, na ukiwasha saa 2 watoto wadogo watakuwa migongoni mwa mama zao. Basi taa ziwashwe saa 12:45. Watoto wale kabla ya hapo, saa 11:30. Watu wazima watakula nyama baada ya taa, saa 1. Hapo mnapata faida mbili: hata nyama ya wakubwa ikichelewa nusu saa, watoto wameshashiba na jambo kubwa limeshafanyika.

Mbuzi. Hapa mama, naomba tubishane kidogo. Ndafu, yaani mbuzi anayechomwa mzima, ni mzuri kwenye picha ya harusi, ila kwa mtaa wenye watoto thelathini si chaguo zuri. Huhitaji saa nne hadi tano motoni na fundi asiyeondoka kando yake, tena paja huwa bichi mfupani wakati mbavu zimeshakauka. Chomeni vipande. Kwa hesabu ya gramu 300 za nyama mbichi yenye mfupa kwa mtu mzima na 150 kwa mtoto, mnahitaji kilo 19 na nusu, sema 20. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa mwili wa kilo 11 au 12 baada ya kuchunwa na kutolewa matumbo, kwa hiyo wawili wanatosha na hakuna haja ya wa tatu. Nunueni mapema Novemba mkamwache kwa anayefuga, maana kadiri Krismasi inavyosogea ndivyo bei inavyopanda, na wauzaji hawana aibu.

Achinjwe Jumamosi asubuhi, si Jumapili. Nyama ya mbuzi aliyechinjwa saa chache zilizopita bado imekakamaa. Unaiweka motoni inajikunja, unaiongezea muda, nje inaungua na ndani inabaki ngumu kama kandambili. Huenda ndicho kilichowapeleka hadi saa nne usiku. Zungumzeni na bucha lenu, mbuzi wachinjiwe machinjioni wakapigwe mhuri, walale kwenye friji usiku mzima, mkavichukue vipande Jumapili saa 8 mchana. Mchinjaji awe Muislamu, ili wale wote kwenye meza moja. Kwa sababu hiyohiyo, kitimoto isikanyage kwenye vyuma vya kuchomea siku hiyo, hata ikija na mgeni mwenye nia njema, na kisusio, ule mchuzi wa Kichagga, kiachwe. Kina damu, kaya tatu hazitakigusa, na damu ya kisusio hutaka kutumika mbichi palepale pa kuchinjia. Wazee wakikilalamikia, waambieni kinawangoja kihambani.

Majiko tumieni mapipa yaliyopasuliwa katikati. Nusu pipa moja hubeba kilo tano hadi saba bila kubanana. Nusu mbili kwa awamu mbili zinawatosha, na mkaa debe nne. Washeni saa 9 alasiri na msiweke nyama mpaka mwali uishe na mkaa uvae jivu jeupe. Kipimo ni kiganja: kishike usawa wa wavu, ukiweza kuhesabu hadi tano ndipo unalazimika kukitoa, moto ni sawa. Ukitoa kwenye mbili, tandazeni mkaa. Awamu ya kwanza, saa 9:30, ni vipande vidogo vya watoto, ukubwa wa kiberiti, visivyo na mifupa midogo inayochomoka. Awamu ya pili, saa 11, ni mapaja, mikono na mbavu kwa wakubwa, zikae saa moja na nusu hadi mbili kasoro robo.

Chumvi isipakwe kwa mkono siku iliyotangulia, inakamua maji. Chemsheni lita moja ya maji na vijiko vinne vya chakula vya chumvi, tangawizi iliyopondwa na kitunguu saumu. Yakipoa kamulieni ndimu tatu, halafu mpakaze kwa tawi au brashi kila mnapogeuza. Mafuta yakidondoka mwali ukaruka, msimwage maji kwenye mkaa. Jivu litapanda na kuganda kwenye nyama. Sogezeni kipande pembeni hadi mwali utulie. Kabla ya kukata, choma kisu kwenye kiungo cha paja, na maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe mekundu. Na mchomaji awe mchomaji tu. Baba mwenye nyumba anayepokea wageni huku akigeuza mbavu ndiye anayeunguza mbavu.

Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ndio utakaowaokoa, kwa sababu unaweza kuwa tayari saa nzima kabla ya watu kufika, na mtoto wa miaka miwili na bibi asiye na meno wote wanaunywa. Hesabu kikombe cha robo lita kwa kila mtu, yaani lita 20 na ziada kidogo. Vinahitajika kilo 13 za ndizi mchare zikiwa na maganda, ambazo zikimenywa hubaki kama kilo 8, na kilo 6 za nyama ya mifupa ya ng'ombe, kidari au shingo. Ongezeni kilo moja na nusu ya vitunguu, karoti kilo moja kama mnapenda rangi, robo kilo ya siagi, lita moja ya maziwa na maji lita 11. Sufuria iwe ya lita 30 au zaidi. Msihangaike kununua. Kikundi cha akina mama cha kukodisha vyombo hakikosi, na hao hao huwa na sahani na maturubai.

Nyama ianze kuchemka saa 6 mchana na chumvi na tangawizi, kwa saa mbili, mpaka iachie mfupa. Iopoeni, toeni mifupa yote kwa mkono, narudia, yote, hasa vile vibapa vyembamba vya mbavu vinavyojificha, kisha mkaichambue nyuzinyuzi. Kutoka kwenye mchuzi, tengeni lita tatu kando kwenye chupa za chai.

Kwenye kumenya ndizi ndipo watu huharibu. Pakeni mafuta ya kula mikononi kabla, maana utomvu ukishaingia kwenye kucha unaondoka Jumatano. Kila ndizi ikimenywa iingie moja kwa moja kwenye ndoo ya maji yenye chumvi kidogo. Msitumie kisu kikuukuu chenye kutu wala sufuria ya chuma tupu. Utomvu wa ndizi ukikutana na chuma hupiga weusi, na mtori wenu utatoka rangi ya simenti. Sufuria ya alumini au ya stili haina shida. Saa 8 ndizi na vitunguu viingie kwenye mchuzi, vichemke dakika 40 hivi, hadi ndizi ikibonyezwa kwa mwiko isambaratike yenyewe. Hapo punguzeni moto kabisa, pondeni kwa mwiko, kisha upekecho umalizie mabonge. Rudisheni nyama. Siagi na maziwa viingie mwishoni kabisa, maziwa yakiwa yameshachemshwa pembeni. Mkiweka maziwa baridi mapema, au baada ya kukamulia ndimu, yatakatika vipandevipande.

Kuanzia hapo adui ni kitako cha sufuria. Mtori mzito ukiachwa kwenye moto wa kuni hushika chini katika dakika chache, na harufu ya kuungua hupanda juu ya sufuria nzima. Ikitokea, msikorogee! Hamishieni mtori wa juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa chini. Ukikaa, unga wa ndizi huendelea kunyonya maji na mtori kuwa ugali. Ndiyo kazi ya zile lita tatu za mchuzi. Uzimueni kwa mchuzi wa moto, kikombe kwa kikombe. Maji baridi huuacha mtori umegawanyika, maji juu na ndizi chini.

Pembeni yake, ndizi mzuzu za kuchoma na kachumbari vinatosha. Kachumbari ikatwe saa 12 jioni, si mchana, vitunguu vikishaoshwa kwa chumvi. Pilau iacheni. Pilau ya watu 80 inahitaji mpishi wake, moto wake na mishipa yake ya shingo. Maji ya kunywa wekeni lita 80. Mbege, pombe ya ndizi, ina siku yake na watu wake. Walokole na Waislamu hawatasema neno, ila wataondoka mapema, na mtakuwa mmepoteza mlichokuwa mnakitafuta.

Mvua. Hii ni vuli, na msipange kana kwamba haitanyesha. Watu 80 waliokaa wanahitaji eneo la mita 70 za mraba hivi, yaani maturubai mawili ya mita sita kwa sita. Nguzo za kati ziwe juu ya zile za pembeni kwa nusu mita au zaidi, kamba zikazwe. Turubai lililolegea hukusanya maji katikati, na debe kumi za maji zikimwagika kwa pamoja juu ya bibi wa mtu, sherehe imekwisha. Chimbeni mfereji wa upana wa jembe upande wa juu wa uwanja. Majiko yakae nje ya turubai, yakiwa na bati tatu za kuyafunika kwa juu, zikiwa zimeinuliwa ili moshi utoke. Mkaa usiletwe chini ya turubai hata mvua iweje.

Umeme. Taa za mapambo za LED zinakula kidogo, nyaya tano hazifikishi wati 100. Spika ya kati sema wati 400, taa mbili za uwanja wati 100. Jumla wati 600, kwa saa nne ni uniti 2.4. Hivyo nyumba itakayotoa umeme inunuliwe uniti tano za LUKU na mchango wa pamoja, manung'uniko yaishe hapo. Waya wa kurefushia ukiwa wa kuzungusha kwenye gurudumu, uvutwe wote hadi mwisho. Ukiachwa umejikunja hupata joto na plastiki yake inaweza kuyeyuka, hasa mzigo ukiwa mkubwa. Maungio yaning'inizwe juu ya kichwa, chini ya paa, kamwe yasilale kwenye nyasi. Nguzo za TANESCO zisifungwe chochote. Na kwa kuwa ulikatika mwaka jana, chukulieni kwamba utakatika tena. Ndiyo maana taa zenu kuu zisitegemee umeme.

Kinachowezekana ni taa za makopo, na hii ndiyo shughuli ya watoto ya wiki nzima kabla. Kila mtoto alete kopo tupu la maziwa ya unga au la nyanya. Lijazeni mchanga uliolowa, ushindiliwe hadi juu, ndipo mtoto achore nyota kwa kalamu na mkubwa atoboe kwa msumari na nyundo kwenye vitone. Bila mchanga kopo hubonyea kwenye pigo la kwanza. Toeni mchanga, rudisheni wa vidole viwili kitakoni, chomekeni kipande cha mshumaa kisichozidi nusu ya kimo cha kopo. Mpini uwe waya wa sentimita 30 juu ya mdomo wa kopo, si mfupi, kwa sababu joto hupanda. Kingo zikandamizwe kwa koleo, vidole vya watoto ni laini.

Sasa tahadhari moja ambayo haina mjadala. Msimu huu wasichana wamesukwa rasta, na nywele hizo za bandia zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi zikishika moto. Magauni ya Krismasi ya neti nayo vilevile. Kila rasta ifungwe nyuma, watoto wasimame hatua moja moja kutoka kwa mwenzake, wa chini ya miaka mitano wapewe tochi ndani ya kopo badala ya mshumaa. Ndoo mbili za maji na moja ya mchanga zikae wazi, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita.

Kuhusu nyimbo, mkanganyiko hutokea kwa sababu Majilio si Krismasi bado. Kwa Wakatoliki ni kipindi cha kungoja, hata Utukufu hauimbwi Misa za Jumapili, na mzee mmoja lazima atawauliza mbona mnaimba mtoto amezaliwa na hajazaliwa. Mpeni haki yake: nyimbo za Majilio zitangulie, taa ziwashwe, kisha watoto waimbe wimbo mmoja wa Krismasi kama kionjo. Matarumbeta ya Walutheri yatawafaa kuliko spika. Wapigaji sita wakitembea mtaa mzima saa 11 ni wito tosha, na hawana haja ya LUKU. Sala iwe fupi na moja, isiongozwe kwa zamu za madhehebu. Majirani Waislamu msiwape nafasi ya kuangalia tu. Wapeni jambo lenye heshima lisilo la ibada, kama kusimamia meza ya chakula au kuendesha michezo ya watoto ya saa 10, kukimbia na magunia na kuvuta kamba.

Zawadi za watoto ziwe sawa kwa wote. Daftari nne na kalamu zitakumbukwa Januari shule zikifunguliwa. Jina liandikwe la mtoto, si la mzazi, na anayegawa asijue nani amechanga kiasi gani.

Mwisho kuna shada la Majilio, ambalo ndilo litakaloanza kuwashwa saa 12:45, makopo yakifuata. Ringi kuukuu ya baiskeli ndiyo duara bora, haijipindi. Ifungeni matawi mabichi ya mti wa Krismasi kwa waya mwembamba, katikati mkachomeke majani ya sale. Kwa Mchagga yeyote atakayeliona, sale ni jani la kuombana msamaha, na huenda majirani wawili wasiosemeshana wakasogea karibu. Mishumaa ni minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi ambao Wakatoliki huuwasha Jumapili ya tatu. Mishumaa ya zambarau ikikosekana dukani, chukueni myeupe minene na mkaifunge utepe wa rangi chini kabisa, mbali na mwali. Kila mmoja usimame kwenye kifuniko cha chuma, nta isifike kwenye majani.

Siku hiyo unawashwa mmoja tu. Shada lisibaki kwenu. Likabidhiwe kaya nyingine hapohapo, waliwashe na majirani Jumapili ya pili, na wa tatu walipokee baada yao. Matawi hukauka baada ya wiki moja na kuwaka kama petroli, hivyo kila anayelipokea abadilishe kwanza. Jumapili ya nne iende kwa kaya ambayo haipandi kijijini, maana wengine watakuwa wanafunga mizigo.